Tusisubiri Turubai

Hapa Iyunga, Mbeya, tunajua kuzika. Akifariki mtu mtaani, jua halijazama turubai limeshafungwa, viti vya kukodi vimeshushwa, kina mama wameinjika masufuria na daftari la rambirambi limeanza kuzunguka. Hata kwenye baridi ya Juni na Julai, wanaume hukesha nje wamejikunyata ndani ya makoti, wakiota moto. Hakuna anayelazimishwa, ingawa asiyefika bila sababu hukumbukwa siku msiba utakapokuwa kwake.

Sasa turudi nyuma miezi mitatu. Marehemu huyo huyo alikuwa halali kwa mawazo ya ada na marejesho. Nani alikwenda kukaa naye, hata nusu saa?

Sisemi habari za wagonjwa wa akili. Hao wana madaktari wao. Nasema mizigo ya kila siku. Dereva wa bajaji ya Kabwe anaamka alfajiri akiwaza hesabu ya bosi, na bosi hataki kusikia kwamba barabara inachimbwa. Ile barabara ya njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29, ni neema kwa jiji letu, lakini vumbi na foleni za ujenzi wake vimekula hesabu za wengi. Mama wa genge amechukua mkopo wa kausha damu kulipia kausha damu nyingine, na baba watoto hajui. Ukimuuliza habari za asubuhi, anasema nzuri tu, tunapambana, Mungu anasaidia. Nawe unapita, kwa kuwa umejibiwa.

Madereva wa malori ya Tunduma wanaujua Mlima Iwambi kuliko sisi tunaoutazama. Mlima ule hauteremkwi kwa breki. Unaingiza gia nzito ungali juu, maana breki zikishapata moto, kukanyaga hakusaidii kitu. Mwili nao ndivyo ulivyo: usingizi unakata, kichwa kinagonga, unafokea mtoto kwa kijiko kilichoanguka. Hapo bado uko juu ya mlima, na gia bado inaingia. Gia yenyewe ni mtu wa kukaa naye.

Mwanasayansi Mmarekani, Robert Sapolsky, alianza mwaka 1978 kuwafuatilia nyani wa Maasai Mara, Kenya. Nyani wale hawana shida kubwa ya chakula. Saa chache tu zinawatosha kushiba. Muda unaobaki wanautumia kusumbuana. Sapolsky alipowapima damu, mara nyingi aliwakuta wanyonge wa kundi wakiwa na homoni ya msongo kwa wingi kuliko wakubwa wao. Lakini hata miongoni mwa madume, wenye marafiki wa kukaa nao na kuchambuana manyoya walikuwa na nafuu. Nimekuwa nikiwaza habari hiyo kila nikipita kijiweni na kuona vijana watano kwenye benchi moja, kila mmoja na simu yake.

Zimbabwe wameligeuza benchi kuwa tiba. Daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianza mwaka 2006 huko Mbare, Harare, na mabibi 14. Hakuwa na chumba wala wauguzi wa kutosha, basi akawafundisha bibi hao kukaa na mtu kwenye benchi nje ya zahanati na kumsikiliza. Bibi hatoi hotuba. Anakuachia umwage matatizo yako yote, halafu mnachagua moja, moja tu, na kutafuta hatua inayowezekana wiki hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita, waliopita kwenye benchi waliobaki na dalili za sonona walikuwa karibu asilimia 14, wakati kwa waliopata huduma ya kawaida walikuwa karibu nusu. Tusijidanganye kwamba mabibi wa namna hiyo wako Harare tu. Wetu tunawaita kwenye harusi na misiba, basi.

Hilo la kuchagua tatizo moja nalipenda kwa sababu mengine tunayashika kwa ujinga wa pamoja. Chukua mikopo. Benki Kuu imeweka ukomo wa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi kwa kampuni na watu binafsi wanaokopesha kwa leseni yake. Anayekutoza zaidi ya hapo, au asiye na leseni kabisa, ana kesi ya kujibu. Wangapi kati ya wanaokimbia nyumba zao siku ya marejesho wanalijua hilo? Wangelijua kama wangethubutu kumwambia mtu. Na aibu ya deni si ngeni hapa Mbeya: Soko la Mwanjelwa liliungua mwaka 2006, la SIDO likaungua 2017. Bidhaa ziliteketea, mikopo haikuteketea.

Pombe je? Kata yetu ina kiwanda cha bia, nami simlaumu anayeburudika jioni na wenzake. Ila anayekunywa ili asiwaze ataamka na mawazo yale yale, na hela pungufu.

Hivyo nina ombi kwa vikoba vya Iyunga, Iwambi na Nzovwe. Karibu kila kikundi kina mfuko wa jamii, na katiba inasema unafunguliwa kwa ugonjwa na kifo. Kikao kijacho, kabla sanduku halijafunguliwa, tengeni robo saa. Mwanachama aliyeelemewa aseme, bila faini na bila kusengenywa nje, na kikundi kimsaidie kuchagua hatua moja. Kina baba ambao hamna kikoba, mna kijiwe, anzeni hapo. Na ukimwona anayezungumzia kufa au kujidhuru, usimwachie robo saa ya kikao: kaa naye, kisha mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.