Nafsi katika Wakati Usiokuwapo: Sentensi za Masharti na Maadili ya Kuyawaza Yaliyopita

Sentensi za masharti zimekuwa kwa muda mrefu milki ya wanasarufi. Hufundishwa kama suala la umbo tu. Katika Kiingereza, anayetaka kusema juu ya jambo ambalo halikutokea hukirudisha kitenzi cha kishazi cha sharti hatua moja nyuma ya wakati uliopita, kisha hukipa kishazi cha tokeo vitenzi visaidizi vyake: “If I had known, I would have come.” Mwanafunzi akishalimudu umbo hilo huhesabiwa kuwa ameielewa mada. Swali ambalo aghalabu haliulizwi darasani ni la kimaadili: msemaji ana haki gani ya kudai jambo juu ya wakati uliopita ambao haukuwapo, na ni akina nani anaowachukua pamoja naye anapoingia humo?

Swali hilo lina uzito wa pekee Magongo. Mtaa huo umo Changamwe, magharibi ya kisiwa cha Mombasa, baina ya uwanja wa ndege na kiwanda cha kusafisha mafuta ambacho kiliacha kazi hiyo mwaka 2013. Jina Changamwe ni la kale. Wachangamwe ni mojawapo ya makabila ya Thelatha Taifa. Hata hivyo, wakazi wengi wa mtaa wamefikishwa hapo, wao au wazazi wao, na reli, bandari na viwanda. Mwanafunzi wa sekondari wa Magongo, awe mjukuu wa Mjikenda, wa Mkamba au wa Mjaluo, hukutana na sarufi mbili katika siku moja. Katika somo la Kiswahili huonywa asichanganye -nge- na -ngali-: pande zote mbili za sentensi sharti zichukue kiambishi kimoja. “Ningalijua, ningalikuja.” Katika somo la Kiingereza, akiufuata ulinganifu huohuo, huandika “If I would have known, I would have come,” na mwalimu huikata sentensi kwa wino mwekundu. Kwa kanuni za Kiingereza cha shule mwalimu ana haki, ingawa Wamarekani wengi hulitamka kosa lilo hilo pasi na Kiswahili cha kusingizia.

Tofauti hii si ya umbo peke yake. Kiingereza hutenga sharti na tokeo, kila kimoja na vazi lake. Kiswahili huvipa alama moja, hata haja ya “kama” au “lau” ikaweza kutoweka. Tena, kiambishi cha nafsi hugandamana na kile cha masharti ndani ya neno moja. Katika “tungalikuwa”, “tu-” haitengani na “-ngali-”. Sisi tuliopo sasa tumekwisha kupenyezwa katika wakati usiokuwapo kabla msikilizaji hajapata nafasi ya kuuliza kama tungeweza kuwamo.

Wanafalsafa wamelishughulikia zaidi tatizo la ukweli wa sentensi hizi. Makala mashuhuri ya Nelson Goodman yalichapishwa mwaka 1947, mwaka uleule ambao wafanyakazi wa Mombasa waligoma mwezi Januari, tukio ambalo wanahistoria hawajachoka kuliulizia “lau”. David Lewis, katika kitabu chake cha mwaka 1973, alipendekeza kwamba sentensi ya namna hii ipimwe kwa kuutazama ulimwengu unaofanana mno na wetu, ila tu sharti limetimia ndani yake. Kipimo hicho kina manufaa, lakini hakimwambii msemaji ni nani atakayekosekana katika ulimwengu huo jirani.

Uchukuliwe mfano wa mwambao wenyewe. Mkanda wa maili 10, ambao Magongo imo ndani yake, tangu mkataba wa mwaka 1895 ulitawaliwa na Waingereza huku ukihesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1961 Sir James Robertson aliyetumwa kuchunguza hatima yake alipendekeza uunganishwe na Kenya, na Oktoba 1963 jambo hilo likakubaliwa mjini London. Tangu hapo imekuwapo pwani sentensi isiyokufa: mwambao ungalijitenga, tungalikuwa na hali njema zaidi. Hapana haja ya kuamua hapa kama ni kweli. Linalostahili kuchunguzwa ni “tu-” yake. Bila Kenya moja, safari za watu, ajira na ndoa zingalikwenda njia nyingine. Derek Parfit alionyesha mwaka 1984 kwamba mabadiliko ya namna hiyo hubadilisha hata ni nani watakaozaliwa. Basi wengi wanaoitamka sentensi hiyo leo, wenyeji na wahamiaji sawia, wasingalikuwapo kuifurahia hali hiyo njema.

Yaonekana kama ujanja wa kimantiki. Si ujanja. Agosti 1997 huko Likoni, ng'ambo ya kivuko, wabara walishambuliwa. Zaidi ya watu 100 waliuawa katika ghasia hizo na maelfu wakakimbia makao yao. Ghasia zile zilikuwa na wachochezi wa kisiasa, na sarufi haiwezi kubebeshwa damu ya watu. Hata hivyo, madai waliyoyatumia yalijengwa juu ya sentensi ya masharti: hawa wasingalikuja, sisi tungalikuwa na ardhi na kazi. Katika sentensi hiyo sharti lenyewe ni kutokuwapo kwa watu.

Ilinganishwe na nyingine: Sheria ya Hatimiliki za Ardhi ya mwaka 1908 ingalitambua haki za Wamijikenda, wasingaliitwa maskwota katika ardhi ya mababu zao. Sentensi hii pia haiepuki kabisa hoja ya Parfit. Lakini sharti lake ni kitendo cha serikali, kilichokuwa na mwenye kukitenda, nacho kingaliweza kutendwa vingine. Lawama imepata mlango wa kubisha. Wanaokosea ni wale wanaozitia sentensi hizi mbili katika kapu moja, ama ili kuhalalisha ya kwanza kwa uchungu wa pili, ama ili kuipuuza ya pili kwa ubaya wa kwanza.

Wapo watakaosema ni heri kuacha kabisa. Waislamu wa pwani wanaijua hadithi ya Mtume inayotahadharisha kwamba “lau” humfungulia shetani kazi. Onyo hilo, hata hivyo, humhusu anayejitesa kwa yaliyokwisha kumpata. Mwanahistoria, hakimu na mwandishi wa riwaya hawawezi kulikimbia “lau”, kwani bila hilo hakuna njia ya kusema kwamba tendo fulani lilidhuru.

Zoezi moja la darasani lingefaa zaidi ya wino mwekundu. Wanafunzi wapewe sentensi “Wazazi wao wasingalikuja, tungalipata kazi”, waifasiri kwa Kiingereza, kisha kila mmoja aonyeshe jamaa zake wamo katika kishazi kipi. Darasani Magongo vidole vitaelekea pande zote mbili, na huenda baadhi ya wanafunzi wakahitaji vidole viwili.