Mzunguko Mmoja, Ijumaa Mbili

Tiketi ya kuzunguka dunia, yaani tiketi moja inayomwezesha abiria kuizunguka dunia kwa ndege za mashirika yaliyoungana, hufungwa na masharti mengi kiasi kwamba wanunuzi wengi huyahesabu kuwa ni hila za biashara tu. Katika kanuni zilizozoeleka za miungano kama oneworld na Star Alliance, safari nzima haizidi vipande 16, kipande kikiwa ni mruko mmoja kutoka uwanja hadi uwanja. Huanzia na kuishia katika nchi moja. Hukamilika ndani ya mwaka. Na nauli yake hupimwa ama kwa idadi ya mabara ama kwa jumla ya maili. Hata sehemu ambayo abiria ameipita kwa treni au basi huhesabiwa kuwa kipande, jambo linalowaudhi wengi, nao hawakosi haki. Lakini lipo sharti moja ambalo uzito wake unapita biashara: abiria sharti avuke Atlantiki mara moja na Pasifiki mara moja, akielekea upande uleule, mashariki au magharibi, pasipo kurudi nyuma kutoka kanda moja kubwa hadi nyingine. Kanda hizo katika hesabu za nauli ni tatu, ambazo ni Amerika; Ulaya pamoja na Afrika na Mashariki ya Kati; na Asia pamoja na Australia na visiwa vya Pasifiki. Ndani ya bara moja abiria kwa kawaida huweza kwenda na kurudi, kwa kuwa mwendo huo hujifuta wenyewe na haubadilishi sura ya safari.

Sharti hilo linajibu, bila waandishi wake kukusudia, swali la kifalsafa: ni kitu gani hasa kinachoufanya mzunguko uwe mzunguko? Haiwezi kuwa umbali peke yake, kwa sababu mtu aliyesimama kwenye ncha ya kaskazini anaweza kukata longitudo zote kwa hatua chache, ilhali anayeruka kutoka Nairobi hadi Los Angeles kupitia Dubai na Tokyo, kisha akarudi kwa njia ileile, hupita umbali mkubwa sana na asiwe ameizunguka dunia hata kidogo. Shirikisho la kimataifa linalosimamia rekodi za urukaji, FAI, hudai vyote viwili kwa rekodi ya kasi ya kuzunguka dunia: umbali usiopungua kilomita 36,787, ambao ni urefu wa Tropiki ya Kansa, na kukatwa kwa longitudo zote. Umbali umewekwa kuzuia ujanja. Kiini cha jambo kimo katika longitudo.

Ushahidi kwamba tofauti kati ya kuzunguka na kwenda kisha kurudi ni ya kweli, wala si ya makaratasi, unapatikana katika hesabu ya siku. Abu al-Fida, mwanajiografia na mtawala wa Hama huko Sham, aliyefariki mwaka 1331, alikwisha kueleza kwamba watu wakiachana, mmoja akaizunguka dunia kwa upande wa magharibi na mwingine kwa upande wa mashariki, watakapokutana na mwenzao aliyebaki nyumbani hesabu zao za siku zitahitilafiana. Karibu karne mbili baadaye, Julai 1522, mabaharia wa merikebu Victoria, waliosalia katika msafara wa Magellan, walitia nanga Cape Verde wakiamini kuwa ni Jumatano, wakaambiwa na wenyeji kuwa ni Alhamisi. Antonio Pigafetta, mmoja wao aliyekuwa akiandika kumbukumbu kila siku, alistaajabu kwa kuwa hakuruka hata siku moja. Wala hakukosea, kwani aendaye magharibi hulifuata jua na kuliona likichomoza mara moja pungufu kuliko waliobaki, na aendaye mashariki huliona mara moja zaidi. Anayegeuka njiani na kurudi alikotoka hulipa alichopata, hesabu yake ikalingana tena na ya watu wa kwao. Ni aliyekamilisha mzunguko tu anayebaki na tofauti hiyo ya siku daima.

Kwa muumini ambaye ibada yake imefungwa na jua, jambo hilo si fumbo la kujifurahisha. Mwislamu anayeizunguka dunia kuelekea mashariki huwajibika, kwa kanuni, kusali sala tano zaidi ya ndugu yake aliyebaki Mombasa, na anayeelekea magharibi tano pungufu. Kwa ruhusa ya msafiri ya kupunguza sala za rakaa nne ziwe mbili, siku hiyo ya ziada ni rakaa 11 badala ya 17.

Ugumu zaidi umo katika juma, kwa sababu jua halionyeshi Ijumaa wala Sabato. Samoa ilipohamia upande wa pili wa mstari wa tarehe mwishoni mwa mwaka 2011, Alhamisi tarehe 29 Desemba ilifuatwa na Jumamosi tarehe 31, na Ijumaa nzima haikuwapo nchini humo. Wasabato wa huko waligawanyika: kanisa lao lilichagua kuabudu katika siku ambayo sasa inaitwa Jumapili, kama wafanyavyo wenzao wa Tonga kwa hoja kwamba visiwa hivyo viko mashariki ya longitudo ya digrii 180, ambayo kwao ndiyo mstari halisi wa tarehe, na wengine wakashika Jumamosi ya kalenda mpya. Hoja ya kundi la kwanza ina unyofu wake, kwa kuwa inakataa serikali isiihamishe siku takatifu kwa tangazo. Hata hivyo longitudo ya 180 yenyewe hupimwa kutoka Greenwich, mahali palipokubaliwa na wajumbe wa serikali waliokutana Washington mwezi Oktoba 1884. Anayeukimbia uamuzi wa serikali moja anajihifadhi katika uamuzi wa serikali nyingi.

Fiqhi ya Kishafii, inayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, inaelekea kuwa na jibu imara zaidi. Sala ya Ijumaa haimlazimu msafiri, nayo husimama kwa watu arobaini walio wakazi wa mahali hapo, ambao msafiri hahesabiwi miongoni mwao. Ijumaa, kwa mtazamo huo, ni ya wakazi, ilhali sala tano ni za kila mtu chini ya jua lililo juu yake. Msafiri naye hukoma kuwa msafiri kwa kunuia kukaa siku nne kamili. Kanuni za nauli hutosheka na saa 24 ili kituo kihesabiwe kuwa mapumziko, wala haziulizi nia.

Abiria anayeondoka Los Angeles Alhamisi usiku hufika Auckland Jumamosi asubuhi, akiwa ameruka gizani muda wote, hivyo hana adhuhuri ya Ijumaa iliyompita na hadaiwi kitu. Aliyechagua upande wa pili huweza kusali Ijumaa na watu wa Auckland, akapanda ndege jioni, akashuka Los Angeles mchana wa Ijumaa ileile. Jua limemchomozea upya, kwa hiyo adhuhuri mpya inamlazimu: akiwakuta wakazi wamejipanga msikitini atasali nao Ijumaa ya pili, na asipowakuta atasali rakaa zake mbili za safari.