Mashahidi wa Shimo Jeusi

Kila Ramadhani inapokaribia, kundi la WhatsApp la msikiti wetu hapa Malindi huletewa picha ya ua jekundu angani. Petali za moto zimezungushana, katikati pana nukta nyeupe, na chini yake pameandikwa kwamba wanasayansi wa Marekani wamethibitisha aya ya Suratur-Rahman inayotaja mbingu kupasuka na kuwa nyekundu mfano wa waridi. Watu huitikia Subhanallah, kisha huwatumia jamaa zao wa Lamu, Mombasa na Muscat.

Nimesomesha fizikia katika shule za sekondari za pwani hii mpaka nikastaafu, na jioni husomesha fiqhi kwenye madrasa ya mtaa. Picha hiyo naijua. Ni nebula ya Jicho la Paka, iliyopigwa na darubini ya Hubble, nayo iko umbali wa miaka ya nuru elfu tatu hivi. Ni nyota iliyofika mwisho wa maisha yake, inamwaga matabaka yake ya nje. Rangi zilipangwa na wanafalaki, kila aina ya gesi ikapewa yake ili zitofautike. Aya yenyewe inazungumzia Kiyama, jambo ambalo halijatokea. Basi picha haithibitishi aya, wala aya haikuwa ikiisubiri picha.

Jambo hili linaniuma kuliko watu wanavyodhani. Linamfanya Mwenyezi Mungu aonekane kama mdai asiye na hati, anayengoja mwanafalaki wa Marekani ampigie muhuri. Tena linaacha kando swali kubwa zaidi, ambalo kila mwenye imani angepaswa kulikalia kitako: tunapoletewa picha ya kitu kilicho mbali hivyo, tunaiamini kwa msingi gani? Mimi sikukiona, imamu hakukiona, na aliyetuma picha pia hakukiona.

Tarehe 10 Aprili 2019 ulimwengu ulionyeshwa kitu ambacho kwa asili yake hakionekani. Ilikuwa pete ya rangi ya chungwa, iliyong'aa zaidi upande wa chini, na ndani yake giza. Giza lile ni kivuli cha shimo jeusi lililo katikati ya galaksi ya M87, umbali wa miaka ya nuru milioni 55, lenye uzito wa majua bilioni 6.5. Nuru ikiingia humo haitoki. Tunachokiona ni gesi ya moto inayozunguka ukingoni, na hata rangi ya chungwa ilichaguliwa na watu, kwani mawimbi ya redio hayana rangi.

Hakuna darubini moja iliyoiona pete ile. Aprili 2017 darubini nane za redio zilifanyishwa kazi pamoja, zikiwa Chile, Mexico, Arizona, Hawaii, Uhispania na Ncha ya Kusini. Kila moja iliyanasa mawimbi ya urefu wa milimita 1.3 na kuyawekea alama za saa ya atomu. Ile ya Ncha ya Kusini haiwezi kuiona M87 kutoka hapo ilipo, lakini ilisaidia kusahihisha vipimo. Data zilikuwa nyingi mno kupita kwenye intaneti, kwa hiyo diski zilisafirishwa kwa ndege hadi kituo cha Haystack karibu na Boston na hadi Bonn, Ujerumani. Zile za Ncha ya Kusini zilikaa miezi kadhaa, kwa sababu majira ya baridi huko ndege hazitui.

Kazi ngumu ilianzia hapo. Darubini nane haziwezi kuijaza dunia nzima, na data zilikuwa na mapengo mengi. Ilikuwa kama kuunga chungu kwa vigae vichache vilivyookotwa kwenye magofu ya Gede: sehemu kubwa haipo, na anayeunga tayari ana sura ya chungu kichwani. Hatari yake ni kwamba ataunga chungu anachokijua badala ya kile kilichovunjika. Wanafalaki walitarajia pete, kwani nadharia ya Einstein iliitabiri. Wangejuaje kwamba pete imetoka mbinguni na haikutoka vichwani mwao?

Walijigawa timu nne na kukatazana kusemezana. Kila timu ilitengeneza picha yake kwa njia yake. Julai 2018 walikutana na kuzilinganisha, na zote nne zilikuwa na pete ya ukubwa mmoja, inayong'aa zaidi upande mmoja. Hata hapo hawakuridhika. Walitunga data za uongo zenye maumbo yasiyo pete, wakazipitisha katika programu zilezile ili waone kama programu zingebuni pete mahali isipokuwepo. Baadaye data ziliwekwa wazi, na watu wa nje wakazichambua upya. Wako waliodai kwa maandishi kwamba pete haimo, na wengine, kwa njia zao wenyewe, wakaikuta. Januari 2024 ikatolewa picha ya data za mwaka 2018, safari hii darubini ya Greenland ikiwa imejiunga. Pete ilikuwa ya ukubwa uleule, ila sehemu yake ing'aayo zaidi ilikuwa imesogea.

Nilipoyasoma haya nilimkumbuka babu yangu mzaa mama, mtu wa Mambrui. Alikuwa na macho makali, na mwezi ukitarajiwa kuandama masheikh walikuwa wakimngoja. Akija kusema ameuona, hakuna aliyepiga takbiri kwanza. Aliulizwa: ulisimama wapi? Jua lilikuwa limeshazama? Mwezi ulikuwa upande gani wa pale lilipozama? Pembe zake zilielekea wapi? Na alikuwa mtu wa kuheshimiwa, aliyewahi kuwasomesha baadhi ya hao waliomuuliza. Katika madhehebu yetu ya Shafii shahidi mmoja muadilifu anatosha kuingiza Ramadhani, lakini mwezi wa Shawwal unahitaji wawili. Babu hakuona kuulizwa kuwa ni kuvunjiwa heshima, kwa sababu mji mzima ungefunga au kufungua kwa neno lake.

Elimu ya hadithi nayo imesimama papo hapo. Nani kapokea kwa nani, walikutana kweli, hifadhi yake ilikuwaje, uzeeni alianza kuchanganya? Maulamaa walitumia maisha yao kuwachunguza wapokezi, na maneno mazuri kabisa yaliwekwa kando kwa sababu isnadi yake, yaani mnyororo wa wapokezi, ilikuwa na kiungo dhaifu. Timu nne zilizokatazana kusemezana zinafanana na jambo ambalo wanafunzi wa hadithi wanalijua vizuri: habari iliyopokewa kwa njia nyingi ambazo hazikuweza kula njama.

Kwa hiyo siwezi kukubaliana na walimu wenzangu wa sayansi waliokuwa wakiniambia, kwenye chumba cha walimu, kwamba watu wa dini huamini wasichokiona ilhali wao huamini wanachokiona. Hawakuiona M87. Wamewaamini mashahidi, na wamefanya vyema, kwa sababu mashahidi wale walihojiwa. Lakini siwezi pia kukubaliana na ndugu zangu wa msikitini wanaosambaza picha bila kuuliza nani kaipiga, kwa chombo gani, na rangi zake zimetoka wapi. Hao wanaiacha sunna ya kuhakiki habari huku wakidhani wanaitetea dini.

Nikiifuata nyuma isnadi ya mashimo meusi, nafika nyumbani. Tarehe 12 Desemba 1970 roketi ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco, lililosimamishwa na Waitaliano baharini kwenye maji ya Ngomeni, kaskazini mwa hapa. Ilibeba setilaiti ya kilo 140 hivi, ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kwa kuchunguza eksirei za angani, kwani hewa yetu huzizuia zisifike chini. Mahali palichaguliwa kwa kuwa ni karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia huisukuma roketi zaidi. Siku ilikuwa ya kumbukumbu ya uhuru wa Kenya, na Marjorie Townsend, aliyeongoza mradi ule kwa upande wa NASA, akaiita setilaiti Uhuru. Jina hilo limo katika historia ya elimu ya falaki.

Uhuru ilifanya kazi mpaka mwaka 1973 na kuorodhesha vyanzo 339 vya eksirei. Kimoja kilikuwa Cygnus X-1. Kilikuwa kinawakawaka kwa muda usiofika sekunde moja, na hapo pana hoja ninayoipenda sana kuifundisha: kitu hakiwezi kuwaka na kufifia chote kwa pamoja kwa muda mfupi kuliko ule ambao nuru hutumia kukikata kutoka upande huu hadi ule. Basi chanzo kile lazima kiwe kidogo mno kwa vipimo vya nyota. Kisha wanafalaki wakaikuta nyota kubwa ya buluu mahali palepale, ikizunguka kwa siku 5.6 kitu kisichoonekana. Mwendo wake ukawapa uzito wa kile kisichoonekana, nao ulikuwa mkubwa kupita kiasi ambacho nyota mfu ya kawaida inaweza kukihimili. Ndivyo Cygnus X-1 ilivyopata kutambuliwa kuwa shimo jeusi, la kwanza kukubalika kwa hoja nzito. Riccardo Giacconi, aliyeongoza sayansi ya Uhuru, alipewa Nobeli mwaka 2002. Nimesomesha watoto wa Ngomeni ambao wazazi wao walivua kando ya nguzo za jukwaa lile, na hakuna aliyekuwa amewaambia habari hii.

Wako watakaosema: basi na Mungu tumjue hivyohivyo, kwa athari zake, kama shimo jeusi linavyojulikana kwa nyota inayolizunguka. Hoja hii ina ukoo mrefu, nami naiheshimu, lakini hapa nasita. Shimo jeusi ni kiumbe kati ya viumbe. Lina mahali, lina uzito, lina umri, na mwenye shaka anaweza kuelekeza darubini nyingine mwaka unaofuata. Ushahidi wa Mtume hauwezi kurudiwa mwaka unaofuata. Tofauti hiyo ipo na sioni sababu ya kuificha. Imani inaniomba aina nyingine ya kuamini, inayoshika maisha yote ya mtu, namna anavyosali, anavyouza, anavyozika. Na Mungu ninayemuabudu si kitu kimoja zaidi cha kuongezwa kwenye orodha ya vyanzo 339. Angekuwa wa kupatikana kwa darubini asingekuwa Mungu. Ndiyo maana sitafuti picha ya kumthibitisha, na ndiyo maana pia hakuna picha inayonitisha.

Imamu Ghazali alikwisha kuligusa suala la jicho, hesabu na dini zaidi ya miaka 900 iliyopita. Ameeleza jinsi jicho linavyoiona nyota kuwa ndogo kama dinari, kisha hoja za hesabu zikaonyesha kuwa ni kubwa kuliko dunia, na jicho likalazimika kunyamaza. Ameonya pia juu ya mtu anayedhani kuwa kuitetea dini ni kuupinga ufafanuzi wa wanahesabu kuhusu kupatwa kwa jua na mwezi: huyo anaidhuru dini, kwa sababu mwenye kujua hesabu ile hataitilia shaka hesabu, ataitilia shaka dini. Kwa maoni yangu, onyo lile linamhusu vilevile anayeifunga aya kwenye ugunduzi wa juzi.

Ugunduzi wa juzi huhama. Mei 2024 wanafalaki wanaotumia darubini ya James Webb walitangaza galaksi ya JADES-GS-z14-0, ambayo nuru yake ilianza safari ulimwengu ukiwa na umri wa miaka milioni 290 hivi. Ilikuwa galaksi ya mbali kuliko zote zilizokuwa zimethibitishwa. Machi 2025 darubini za ALMA za Chile zilikuta oksijeni humo na kuurekebisha umbali wake kidogo. Oksijeni ile iliwashangaza, maana hupikwa ndani ya nyota, nayo haienei mpaka nyota zile zife. Mei 2025 ikatangazwa nyingine ya mbali zaidi, MoM-z14, ambayo nuru yake ilianza safari ulimwengu ukiwa na miaka milioni 280 hivi. Wanafalaki walifurahi kusahihishwa, kwani kwao ndiyo kazi yenyewe. Lakini imamu angekuwa ameijenga khutba ya Ijumaa juu ya ile ya kwanza, angewaambia nini maamuma mwaka uliofuata?

Hii haina maana kwamba picha hizi hazina la kusema kwa mcha Mungu. Nuru ya M87 ilipoanza safari hapakuwa na mwanadamu wa kuingoja. Ilifika wakati ambapo watu wa nchi mbalimbali, wenye dini mbalimbali na wasio na dini, walikuwa wamekubaliana kutoaminiana upesi ili waipokee bila kuipotosha. Mimi naiona kazi ile kuwa ya uaminifu mkubwa, na humwombea dua kila mwenye uaminifu wa namna hiyo, ajue asijue anamwabudu nani.

Walimu wenzangu wa madrasa, nina ombi. Siku mnapowafundisha watoto masharti ya shahidi wa mwezi na daraja za wapokezi, wafundisheni pia habari ya timu nne za mwaka 2018, na ya setilaiti iliyorushwa Ngomeni. Kipindi kimoja kinatosha, na picha ya M87 imewekwa wazi kwa umma bila malipo.