Heshima ya Bao la 21

Tarehe 9 Oktoba 1998, mjini Auckland, New Zealand, timu ya wanawake ya Samoa ya Marekani ilicheza na Australia ikafungwa mabao 21 kwa nunge. Kwa mujibu wa rekodi, hiyo ndiyo mechi yao ya kwanza ya kimataifa. Siku iyo hiyo, katika mashindano yayo hayo ya Oceania, majirani wao wa Samoa walikutana na New Zealand wakapigwa, hebu kisia, 21 kwa nunge.

Piga hesabu kidogo. Dakika 90 ukizigawa kwa 21 unapata bao moja kila baada ya dakika nne na kitu. Unainama kufunga kamba ya kiatu, bao. Unageuka kumwita beki arudi nyuma, bao lingine. Golikipa anatoa mpira wavuni, anautupa mbele, na kabla pumzi haijamrudi vizuri anautoa tena.

Tangu nikutane na matokeo hayo kuna swali limenikalia kichwani, na halihusu sababu za kufungwa. Sababu ziko wazi, nitazitaja sasa hivi. Swali langu ni la Waaustralia. Ukiwa unaongoza kumi bila, na mtu aliye mbele yako hana uwezo wa kukuzuia, ni haki kufunga la 11? Na la 21 je? Unamheshimu mtu kwa kumhurumia, ama kwa kukataa kumhurumia?

Kwanza hizo sababu. Samoa ya Marekani ni visiwa vidogo katikati ya Pasifiki. Si nchi huru; iko chini ya Marekani, ingawa FIFA iliipokea kama mwanachama kivyake mwaka uo huo wa 1998. Sensa ya 2020 ilihesabu watu wasiofika 50,000. Toa wanaume, toa watoto, toa nyanya zetu. Katika wanaobaki, tafuta wanaojua kupiga pasi ya mita 20, mahali ambapo mchezo unaotawala ni futiboli ya Kimarekani, ile ya helmeti na mabega ya plastiki. Australia wakati huo ilikuwa na watu zaidi ya milioni 18. Kwa hivyo hakuna fumbo hapo. Ukipanga watu wa kijiji kimoja dhidi ya bara zima, bara litashinda.

Sasa turudi kwa swali.

Wako watu wanaoamini kwamba ungwana ni kujua lini useme imetosha. Tuliwasikia tarehe 11 Juni 2019, pale Reims, Ufaransa, Marekani ilipoichapa Thailand 13-0 kwenye Kombe la Dunia la wanawake. Alex Morgan peke yake alifunga matano. Kelele iliyofuata haikuwa ya kusifu. Watu walilalamika kwamba Wamarekani walikuwa bado wanashangilia hadi mabao ya mwisho mwisho, kana kwamba ndiyo ya kwanza. Wengine wakawatetea: kwenye makundi tofauti ya mabao inahesabiwa, na mchezaji aliyeingia dakika za mwisho naye ana ndoto yake, hawezi kuambiwa azime moto kwa sababu wenzake walishaupika ugali.

Mimi ninaona makosa mawili yamechanganywa hapo. Kufunga ni kitu kimoja, kucheka ni kitu kingine. Kumdhihaki mtu aliyeanguka ni ubaya, hata kama umemfunga bao moja tu. Lakini kufunga bao la 13 bila dhihaka, kwa bidii ile ile uliyofungia la kwanza, huo ubaya uko wapi?

Hebu tufikirie huruma yenyewe ingekaaje. Ni dakika ya 50, matokeo ni 12-0. Waaustralia wanaamua wametosheka. Wanapasiana nyuma, huku na kule, wanatembea. Wasichana wa Samoa ya Marekani wanaukimbilia mpira, wanaukuta umeshaenda kwingine. Mshambuliaji anabaki na lango tupu, anaupiga nje makusudi, kila mtu uwanjani anajua ni makusudi. Dakika 40 za hivyo. Uniambie ni kipi kinaumiza zaidi: kufungwa na mtu anayekuchukulia kama mpinzani, ama kuchezewa kama mtoto anayeachiwa ashinde karata ili alale mapema?

Mwanafalsafa Bernard Suits, kwenye kitabu chake cha mwaka 1978 kiitwacho The Grasshopper, alieleza michezo kwa namna iliyonisaidia hapa. Kwa maneno yangu: kucheza ni kujitwika kwa hiari vikwazo ambavyo hakuna aliyekulazimisha. Ungeweza kuubeba mpira mkononi ukauweka wavuni, lakini umekubali kutumia miguu, umekubali watu 11 wakuzuie. Mchezo unasimama kwa sababu pande zote mbili zimekubali kujisumbua. Nikilifuata wazo hilo mbele kidogo, upande mmoja ukiacha kujisumbua mchezo unakufa kwa wote. Waaustralia wangelegea, wasichana wa Samoa ya Marekani wangekuwa wamevuka bahari kuja kushiriki kitu ambacho kimeshakoma kuwa mpira. Wangekuwa hata hawajafungwa. Wangekuwa wamevumiliwa tu.

Waswahili walilijua hili bila Suits. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Watu hulitumia kumfukuza mjomba aliyekaa sana, lakini lisikilize vizuri. Siku mbili unapikiwa, unaandaliwa maji ya kuoga, hakuna anayekugombeza. Ni raha, ila bado wewe si mtu wa hapo. Siku unayopewa jembe ndiyo siku unayohesabiwa.

Ninalijua jembe hilo. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokataa kabisa kupatikana, na tangu hapo ninaishi kwa kuandika vibarua. Watu wamenihurumia kwa njia nyingi. Kuna wanaosoma kazi zangu na kusema ati ni nzuri sana, halafu wanaongeza lile neno, "ukizingatia". Ukizingatia hukumaliza. Ukizingatia umejifunza mwenyewe. Sifa ya namna hiyo huwezi kuila. Halafu kuna mhariri mmoja ambaye sijawahi kuonana naye uso kwa uso, aliyenirudishia insha imefutwa aya nne, na pembeni ameandika kwamba hoja ya tatu haijashikana na ya pili. Hakuuliza nilisomea wapi. Iliniuma, nikalala vibaya, lakini asubuhi nilijua kuna mtu amenichukulia kama mwandishi.

Kwa hivyo niko upande wa bao la 21. Lakini siwezi kusimama hapo kwa raha bila kujibu mambo mawili.

La kwanza linatoka mtaani. Sote tuliocheza mpira wa vumbi tunajua kinachofanyika timu moja ikizidi. Ikifika tano bila, mtu anashika mpira na kusema wacha tugawane upya. Yule mkali anahamia upande ule mwingine, mechi inaanza sufuri kwa sufuri. Hakuna anayeona kwamba ametukanwa. Si hiyo nayo ni huruma? Mbona hiyo haiumi?

Jibu langu ni kwamba huruma ya mtaani haitolewi ndani ya mchezo. Mpira unasimamishwa, timu zinapangwa upya, kisha kila mtu anarudi kucheza kwa nguvu zake zote. Hakuna anayejifanya kukosa bao. Tunachorekebisha ni mgawanyo. Tatizo la Auckland ni kwamba mataifa hayagawanyiki upya. Huwezi kuwaambia mabeki wawili wa Australia wavae jezi ya Samoa ya Marekani hadi jioni. Kitu cha pekee kinachoweza kugawanywa ni vile vinavyokuja kabla ya mechi: viwanja, makocha, nauli, ligi za wasichana, mechi za kirafiki na watu wa kimo chako. Na hivyo havigawanywi na mshambuliaji aliye mbele ya lango. Vinagawanywa na watu waliovaa suti, ofisini.

La pili ni zito zaidi. Mnamo 11 Aprili 2001, pale Coffs Harbour, timu ya wanaume ya Samoa ya Marekani ilifungwa na Australia 31-0, na Archie Thompson akafunga mabao 13. Wengi wanaijua namba hiyo. Wachache wanajua kilichoitangulia. Kanuni za FIFA kuhusu pasipoti zilikiondoa karibu kikosi chote. Katika wale waliochaguliwa mwanzoni, golikipa Nicky Salapu pekee ndiye aliyeruhusiwa kucheza. Pengo likazibwa na vijana, wakiwemo watatu wa miaka 15.

Hapa hoja yangu inapata kizuizi. Nimesema heshima ni kumchukulia mtu kama mpinzani. Lakini mpinzani ni mtu aliyekubali, akijua anachokubali. Mtoto wa miaka 15 aliyesukumwa uwanjani kwa sababu karatasi za wakubwa hazikukaa sawa, amekubali nini hasa? Sidhani Thompson alitenda dhambi kwa kufunga. Ila sidhani pia waliopanga mechi ile wanaweza kujificha nyuma ya neno heshima. Wao ndio waliodaiwa huruma, na walidaiwa kabla ya filimbi ya kwanza. Katika mchujo uliofuata, Oceania ilizitanguliza timu ndogo zicheze zenyewe kwanza, na Australia na New Zealand zikangoja mbele. Wengine waliona ni kuwafungia wadogo mlango. Mimi ninaona ni kile kile cha mtaani, kugawana upya, mradi mlango wa kupanda juu usipigwe kufuli.

Sasa nije kwa kinachonikera zaidi.

Kichapo cha wanaume, cha 31-0, kimekuwa hadithi ya dunia. Novemba 2011, mjini Apia, timu hiyo ilishinda mechi ya kufuzu Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza, 2-1 dhidi ya Tonga, ikiongozwa na kocha Thomas Rongen. Salapu alikuwa langoni. Beki Jaiyah Saelua, ambaye ni fa'afafine, yaani jinsia ya tatu inayotambuliwa katika utamaduni wa Kisamoa, alicheza na akaingia kwenye historia. Mwaka 2014 ikatoka filamu ya matukio halisi, Next Goal Wins, na 2023 Taika Waititi akatoa yake ya kuigiza kwa jina hilo hilo. Ni hadithi tamu, na inastahili.

Lakini angalia inavyojengwa. Tunaruhusiwa kuupenda ule mkasa wa 31-0 kwa sababu tunajua mwisho wake. Ile 2-1 imelipa deni. Kushindwa kwao kumegeuzwa sura ya kwanza ya ushindi. Wanawake wa 1998 hakuna filamu ninayoijua iliyowahi kuwahusu. Namba yao imekaa tu kwenye jedwali, mstari mmoja, kichapo kikubwa zaidi.

Sisi vijana wa mjini tumelishwa sana hadithi ya aina ya kwanza. Kila anayezungumza jukwaani alilala njaa kisha akanunua nyumba. Aliyekataliwa mara 40 anatuambia kuhusu mara ya 41. Hatumsikii aliyekataliwa mara 40 akaishia hapo, akaendelea kuamka saa kumi na moja, kupanda matatu na kufanya kazi yake vizuri. Tumefundishwa kwamba kushindwa kuna thamani kukizaa ushindi. Kama hiyo ni kweli, basi maisha ya wengi wetu hayana thamani, kwa sababu wengi wetu 2-1 yetu haitakuja.

Mimi sikubali. Asiyekubali kushindwa si mshindani, tunaambiwa, na methali hiyo tunaipiga kila uchaguzi kumnyamazisha aliyeshindwa. Isome upande wa pili. Anayekubali kushindwa ni mshindani tayari, jioni ile ile, kabla hajashinda chochote. Thamani ya walichofanya wale wanawake Auckland haikungoja kulipwa miaka 13 baadaye. Ilikuwa pale pale: matokeo yakiwa 19-0, kuna beki aliyeufuata mpira kwa sababu ulikuwa mpira na yeye alikuwa beki.

Sheria za mpira zenyewe zina adabu moja ambayo huwa hatuitazami. Ukifungwa, mpira unarudishwa katikati na unapewa wewe. Aliyefunga anarudi kwake anangoja. Haijalishi ni bao la kwanza ama la 21. Hakuna kifungu kinachosema kwamba baada ya kumi umepoteza haki ya kuanza. Alasiri ile walipewa mpira katikati angalau mara 20. Hakuna aliyewapunguzia Waaustralia kwa upande ule, na hawakuomba. Waliuweka kwenye nukta, wakaangalia kulia na kushoto kama wenzao wako tayari, wakaanza.