Jasho, Bahati na Deni

Pwani ina methali mbili ambazo mzee mmoja huweza kuzitamka siku moja pasi na kuona kuwa zinagombana. Ya kwanza yasema: mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Ya pili yasema: riziki kama ajali, huitambui ijapo. Moja yampa mtu jasho lake, nyingine yamnyang'anya. Ipi iliyo kweli? Na ikiwa zote ni kweli, je, aliyepata aweza kusema kwa haki kwamba alichokipata ni chake peke yake?

Suala hili lipo wazi zaidi mbali na bahari, huko Buseresere, mji wa wilaya ya Chato mkoani Geita, uliopakana na Katoro katika ukanda wa dhahabu. Katika ukanda huo mchimbaji mdogo hushuka na nyundo na tindo ndani ya duara, kama linavyoitwa huko shimo la kuchimbia. Watu wa maduara mawili yaliyo jirani huweza kupasua mawe kwa miezi ile ile na kwa nguvu zile zile. Hawa wakaufikia mwamba wenye dhahabu, wale wakaambulia kifusi. Nani atathubutu kusema kuwa waliokosa walikuwa wavivu? Jasho ni nauli ya kushukia. Halimwambii mtu atafika wapi.

Walio mbali na migodi hudhani kuwa angalau katika michezo jasho hulipwa kwa mizani iliyo sawa. Tenisi khasa huonekana hivyo: wavu mmoja, mistari iliyonyooka, na kila mpira una mwenyewe. Basi na itazamwe mechi moja.

Julai 2022, huko Wimbledon, Uingereza, Angella Okutoyi wa Kenya, aliyekuwa na umri wa miaka 18, alicheza na mwenzake Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi katika fainali ya wasichana chipukizi, wawili kwa wawili. Mbele yao walikuwa Wakanada Kayla Cross na Victoria Mboko. Okutoyi na mwenzake walipoteza seti ya kwanza kwa 3-6, wakashinda ya pili kwa 6-4, kisha mambo yakaamuliwa kwa mchuano wa mwisho ulioishia 11-9. Alama mbili! Kwa alama hizo mbili Okutoyi akawa Mkenya wa kwanza kutwaa taji katika mojawapo ya mashindano manne makubwa ya tenisi duniani.

Alama zile zilipatikana kwa mkono wake, hilo halina ubishi. Lakini mama yake alifariki alipowazaa yeye na pacha wake, na bibi yao ndiye aliyewalea, katika makao ya watoto yatima ya Nairobi alikokuwa akifanya kazi. Mwenye kusema kuwa binti huyu "amejitengeneza mwenyewe" amemfuta bibi huyo kwa maneno mawili.

Na walioshindwa? Mboko, binti wa wazazi waliohama kutoka Kongo, aliingia katika mashindano ya Montreal Agosti 2025 kwa kualikwa na waandaaji, naye akiwa na miaka 18, akatoka bingwa baada ya kumshinda Naomi Osaka katika fainali. Okutoyi alikuwa ameshika njia nyingine: mwaka 2023 alijiunga na Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani, na mwaka 2024 akatwaa medali ya dhahabu ya Michezo ya Afrika mjini Accra. Anayepima jasho kwa matokeo atalazimika kusema kuwa Mboko alikuwa mvivu mwaka 2022 na kwamba uvivu huo ukamhamia Okutoyi mwaka 2025. Huo ni upuuzi. Kanada ina mashindano makubwa yanayoweza kumfungulia mlango binti wa nyumbani. Kenya haina ya daraja hilo.

Mlango huo una historia ndefu. Mwaka 1971 Arthur Ashe, bingwa kutoka Marekani, alipokuwa ziarani Afrika, alimwona mjini Yaoundé mtoto wa miaka 11 aliyecheza vizuri. Alisaidia mtoto huyo apate njia ya kwenda Ufaransa, na mwaka 1983 Yannick Noah akawa bingwa wa mashindano ya Ufaransa. Ni watoto wangapi waliocheza vizuri katika miji ambayo Ashe hakupita?

Kuna atakayeuliza: ikiwa ni hivyo, juhudi ya nini? Jawabu ni kuwa Noah asingekuwa uwanjani siku ile, Ashe asingekuwa na wa kumwona. Jasho halinunui ushindi; hununua nafasi ya kuwapo ushindi unapopita.

Hapa duara lina funzo. Kwa kawaida mchimbaji hangojei mshahara. Hulishwa na mwenye duara mpaka mawe yatoke, kisha mifuko ya mawe hugawanywa baina ya mwenye leseni, mwenye duara na waliochimba. Mgao huo una dhuluma zake, kwani aliye chini, ambako matimba yakivunjika roho hutoka, mara nyingi hupata fungu dogo. Hata hivyo unakiri kwamba dhahabu haikutolewa na mkono mmoja. Katika tenisi mchezaji wa daraja la chini hujitafutia nauli, malazi na malipo ya kocha, na akitolewa mapema hurudi na deni; bingwa naye huandikiwa zawadi kwa jina lake peke yake.

Methali zile mbili, basi, hazigombani. Kila moja ina sikio lake. Ya kwanza aambiwe asiyepata bado, ili asikae. Ya pili ajiambie aliyekwisha kupata, ili asijivune. Zikibadilishwa masikio huwa sumu: maskini akiambiwa riziki ni ajali, hukata tamaa, tajiri akijiambia kuwa kila alicho nacho ni jasho lake, huwaona walalahoi wote kuwa wavivu.

Aliyepata, awe ameshika raketi au tindo, ana haki ya kufurahi. Asiyokuwa nayo ni haki ya kuchungulia duara la jirani na kumwambia aliyemo kuwa hakutoka jasho.