Nadhiri ya Wawili: Suala la Mume na Mke Kuacha Sigara Pamoja

Miongoni mwa ahadi ambazo watu hupeana ndani ya ndoa, ile ya kuacha sigara pamoja ina ugumu wake, kwa kuwa jambo linaloahidiwa ni kutotenda, mwenye kuahidi anajua tangu mwanzo kwamba nafsi yake itampinga, na yule anayepokea ahadi naye yumo katika vita hivyohivyo. Mume na mke wanapokubaliana kwamba kuanzia kesho hawatavuta tena, je, wamefunga ahadi moja inayowashika wote wawili, au ni ahadi mbili zilizotamkwa kwa wakati mmoja? Na mmoja wao akirudia kuvuta, aliyekosewa ni nani: nafsi yake, mwenzake, au Mola wake?

Fiqhi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu kuhusu matendo ya waja, ina istilahi zinazosaidia kulipambanua suala hili. Yamini ni kiapo ambacho mtu hukila kwa jina la Mwenyezi Mungu kwamba atatenda au hatatenda jambo. Nadhiri ni kujiwajibisha ibada ambayo sheria haikumwajibisha. Na ahadi ni neno ambalo mtu humpa mtu mwingine. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, huitambua pia aina ya nadhiri iitwayo nadhr al-lajaj, ambayo mtu huiweka ili ajizuie na jambo fulani, mathalani kwa kusema kwamba akivuta tena itamlazimu kufunga mwezi mzima, na hukumu iliyo mashuhuri kwao ni kwamba mwenye kuivunja ana hiari ama ya kutimiza alichojiwajibisha ama ya kutoa kafara ya kiapo. Hukumu hiyo ina busara kubwa kuliko inavyoonekana, kwa maana imetambua kwamba mtu huyo hakuikusudia funga yenyewe, bali aliitumia ibada kuwa boma dhidi ya matamanio yake, na kwa hiyo ikamwachia mlango wa kutokea. Hata hivyo, katika kiapo na katika nadhiri mbebaji wa wajibu ni mmoja tu, kwa kuwa hakuna awezaye kuapa kwa niaba ya nafsi ya mwingine, na hata mume na mke wakiapa kwa pumzi moja, kila mmoja amejifunga kwa kamba yake.

Kwamba mtu anahitaji kamba yoyote ni jambo lililowashughulisha wanafalsafa tangu zamani. Aristotle, katika kitabu cha saba cha maandiko yake ya maadili yanayohusishwa na jina la Nikomako, aliichambua akrasia, yaani hali ya mtu kulijua lililo bora na bado kutenda kinyume chake, akatofautisha kati ya yule anayefikiri, akaamua, kisha asisimame katika uamuzi wake, na yule anayechukuliwa na msukumo kabla hajafikiri. Mvutaji huwa wa aina zote mbili kwa siku moja. Mwanauchumi wa Marekani Thomas Schelling, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2005 na ambaye mwenyewe alisumbuliwa na sigara, aliandika mwaka 1980 juu ya mtu anayeishi kana kwamba ni watu wawili wanaopokezana zamu, mmoja akitaka mapafu safi na maisha marefu, mwingine akiipenda tumbaku, na kila mmoja akijitahidi kumfungia mwenzake njia wakati zamu yake inapofika.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikuwa ameshalifikisha wazo hilo mahali pa mbali zaidi. Katika kitabu cha 38 cha Ihya Ulum al-Din, kinachohusu muraqaba na muhasaba, yaani kuichunga nafsi na kuihesabu, anaielezea akili kuwa ni mfanyabiashara aliyemkabidhi mshirika mtaji, na mshirika huyo ni nafsi: kwanza humwekea masharti, kisha humwangalia anapofanya kazi, halafu humhesabia, na akimkuta amehini humwadhibu. Kwa mujibu wa mfano huo, mtu mmoja peke yake tayari ni ubia wa wawili, na ndoa ya wavutaji wawili walioahidiana kuacha ni ubia wa wanne. Hapo ndipo hatari ya kwanza ya ahadi ya pamoja inapojitokeza, nayo ni kwamba kazi ya mhasibu, ambayo kwa Ghazali haikabidhiwi mtu wa nje, huhamishiwa kwa mwenzi bila mtu kutambua. Mume huacha kuihesabu nafsi yake kwa sababu mkewe anamhesabia, na mke vivyo hivyo, mpaka ikawa kila nafsi ina mlinzi aliye nje ya nyumba yake na haina aliye ndani.

Sababu za mume na mke kuhusiana katika jambo hili hazipingiki, na wala hazihitaji kurefushwa. Mwaka 1981 mtafiti wa Kijapani Takeshi Hirayama alichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka 14 wake 91,540 wasiovuta, akaonyesha kwamba wale walioolewa na wavutaji wakubwa walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa kwa saratani ya mapafu, na kwa hiyo dai la mvutaji kwamba anajidhuru mwenyewe tu likapoteza mguu wake mmoja. Mwaka 2008 Nicholas Christakis na James Fowler, wakitumia kumbukumbu za watu 12,067 waliofuatiliwa kati ya mwaka 1971 na 2003 katika utafiti wa moyo wa Framingham, waliripoti kwamba mwenzi wa ndoa alipoacha, uwezekano wa mwenzake kuendelea kuvuta ulipungua kwa asilimia 67. Takwimu hiyo haithibitishi kwamba mmoja ndiye aliyemvuta mwingine, kwani watu wanaooana mara nyingi wanafanana tangu awali na hupatwa na matukio yaleyale, lakini inatosha kuonyesha kwamba uamuzi wa mmoja hauishii kwake. Upande mwingine wa jambo hausemwi sana: arosto, kama wavutaji wanavyoiita ile hali ya mwili kudai nikotini, huwa kali zaidi katika siku chache za mwanzo, nayo huja na hasira, kukosa usingizi na kutoweza kutulia, hivyo wale wawili wanaotakiwa kuvumiliana ndio haohao wanaoishiwa subira kwa wakati mmoja.

Ahadi yenyewe inaweza kuchukua sura mbalimbali, na sura hizo hazilingani. Iliyo rahisi kutamkwa ni ile ya masharti, ambapo kila mmoja husema kwamba ataacha ikiwa mwenzake ataacha. Sura hii ndiyo dhaifu kuliko zote, kwa kuwa inaugeuza mwanguko wa mmoja kuwa ruhusa ya mwingine, na mtu mwenye arosto ana hamu kubwa ya kupata ruhusa. Huenda hata akaanza kumchunguza mwenzake kwa matumaini ya kumkuta na kosa, jambo ambalo ni dhambi ya pili inayofugwa ndani ya nia njema. Sura nyingine ni ile aliyoifafanua mwanafalsafa Margaret Gilbert katika maandiko yake ya mwaka 1989 na 1990 juu ya wajibu wa pamoja, ambamo watu wawili wanaokubaliana hata kutembea pamoja tu wamejifunga kama kitu kimoja, kiasi kwamba hakuna anayeweza kuuvunja wajibu huo peke yake, na anayeondoka bila kuafikiana na mwenzake amempa mwenzake haki ya kulalamika. Maelezo haya yanaeleza vyema kwa nini aliyebaki imara huumia mwenzake anaporudia, maumivu ambayo hayaishii katika kumsikitikia tu. Yanachoacha bila jibu ni kama aliyebaki angali amefungwa.

Jibu la swali hilo linaweza kutafutwa mahali ambapo wengi wasingetazamia, yaani katika barua ya 262 ya Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika Kaskazini ya Kirumi, aliyomwandikia mwanzoni mwa karne ya 5 mwanamke aitwaye Ecdicia. Mwanamke huyo alikuwa ameweka nadhiri ya kutolala na mumewe bila idhini yake, jambo ambalo Augustino analihesabu kuwa kosa, kwa kuwa Mtume Paulo, katika sura ya 7 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, alikwisha kusema kwamba wanandoa wasinyimane ila kwa kupatana. Baadaye mume aliridhia, na wote wawili wakaishi katika nadhiri hiyo kwa muda. Kisha Ecdicia, bila kumshauri mumewe, akawapa watawa wawili wapita njia sehemu kubwa ya mali yake ilhali walikuwa na mtoto wa kiume, akavaa pia mavazi ya mjane mume angali hai. Mume akaghadhibika, akaivunja nadhiri na kuanguka katika uzinzi. Augustino anamlaumu mke kwa ukali kuliko msomaji wa leo angevumilia, akimwambia kwamba kiburi chake cha utakatifu kilichangia mwanguko wa mume na kwamba anapaswa kumwomba radhi. Pamoja na hayo, juu ya nadhiri yenyewe hayumbi: yale ambayo wawili walimtolea Mungu kwa kupatana yaliwapasa wote kuyashika mpaka mwisho, na ikiwa mmoja ameanguka, basi angalau aliyebaki aendelee kwa uthabiti.

Sigara si tendo la ndoa, na ulinganisho huu usisukumwe mbali. Lakini barua hiyo inafundisha mambo mawili yanayoshikamana, kwamba mwanguko wa mmoja haumfungui mwingine, na kwamba uthabiti wa mmoja waweza kuwa ndio unaomwangusha mwingine, hasa pale aliye imara anapoanza kuishi kana kwamba yuko peke yake katika wema wake. Mke aliyeshinda wiki tatu bila sigara na anayemtazama mumewe kwa jicho la hakimu yuko karibu na Ecdicia kuliko anavyodhani.

Kutokana na hayo inafuata kwamba kinachoweza kudaiwa kwa haki kati ya wawili hao ni tofauti na kile walichodhani wamekiahidi. Mtu huahidi kwa haki lile lililo katika uwezo wake, na kutovuta, kwa sababu ya akrasia na kwa sababu ya nikotini, kumo katika uwezo wake kwa sehemu tu, ilhali kusema kweli juu ya alichokitenda kumo katika uwezo wake kikamilifu. Deni la kuacha liko kwa Mola na kwa nafsi, na kwa wale wanaovutishwa moshi wasioutaka. Deni la mwenzi kwa mwenzi ni kutofichana. Aliyevuta sigara moja nyuma ya duka na kukiri jioni ile amekivunja kiapo chake, lakini ahadi ya pamoja bado iko hai. Aliyevuta, akasukutua mdomo kwa karafuu na kunyamaza, ameivunja ahadi hiyo hata kama hatavuta tena maisha yake yote.

Hapa panatokea pingamizi zito, nalo linatoka ndani ya maadili ya Kiislamu yenyewe. Sitara, yaani kufunika aibu ya mtu, iwe yake au ya mwenzake, ni fadhila inayosisitizwa mno, na hadithi za Mtume zinawakemea wanaotenda dhambi usiku, Mungu akawasitiri, kisha wao wakaamka na kuitangaza. Katika jamii za pwani ambako mwanamke anayevuta huhukumiwa kwa ukali kuliko mwanamume, sitara si jambo la nadharia, kwani mke aweza kuwa amevuta miaka mingi bila mtu wa nje kujua. Je, kumtaka akiri si kumtaka aivue sitara yake? Jibu limo katika aya ya 187 ya Sura ya Al-Baqara, ambayo inawafananisha mume na mke na mavazi, kila mmoja kwa mwenzake, na ambayo, jambo linalosahauliwa mara kwa mara, ni aya ya saumu, inayoruhusu katika usiku wa Ramadhani kile kilichokatazwa mchana. Mwenzi akiwa ndiye vazi, anachoambiwa kingali ndani ya sitara, mradi naye asikitoe kwenda kwa mama mkwe, kwa shoga zake wala barazani. Pia si jambo la bahati kwamba mlinganisho huo umewekwa katikati ya hukumu za kujizuia, kwa maana anayejizuia ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya mtu ambaye mbele yake hahitaji kujificha.

Sitara hiyohiyo inaweka mpaka kwa upande wa pili. Aya ya 12 ya Sura ya Al-Hujurat inakataza tajassus, yaani kupeleleza ya watu, pamoja na dhana mbaya, na hakuna sababu ya kudhani kwamba ndoa imeiondoa hukumu hiyo. Haki ya kuambiwa haizai haki ya kupekua mifuko, kunusa makoti au kumtuma mtoto akaangalie baba anafanya nini uani, na inafaa kusemwa waziwazi kwamba mtoto anayefanywa mpelelezi ametumiwa vibaya zaidi kuliko aliyesikia harufu ya moshi. Anayepekua hupata ushahidi na hupoteza ungamo, kwa kuwa mtu akishajua kwamba atapekuliwa huanza kujifunza kuficha vizuri zaidi. Kwa mvutaji ambaye ameshatumia miaka mingi kuficha pakiti, hilo ni somo rahisi.

Linabaki suala la kafara, yaani malipo ya kufidia kiapo kilichovunjwa, ambayo aya ya 89 ya Sura ya Al-Maida imeyataja: kulisha maskini kumi au kuwavisha, au kumwacha huru mtumwa, na kwa asiyeweza, kufunga siku tatu. Kama wote wawili waliapa na mmoja akavunja, ni yeye tu anayedaiwa, na mwenzake aliyebaki imara hadaiwi chochote. Wanazuoni wa Shafi, hata hivyo, hutenganisha kati ya wajibu wa mali na wajibu wa mwili, na kwa msingi huo mke anaweza, kwa idhini ya mumewe, kuwalisha wale maskini kumi kutoka katika mali yake na kafara ya mume ikasihi. Lakini mume asiye na uwezo wa kulisha, ikamwangukia saumu, atazifunga siku hizo tatu mwenyewe, na mkewe akipenda kufunga siku hizohizo, funga yake itahesabiwa kuwa ya sunna.