Kasoro ya Muuzaji, Gharama ya Nani?

Fikiri, ndugu msomaji: fundi amekuuzia kufuli, kisha agundua kwamba hufunguka kwa msumari. Je, ana haki ya kukudai ada ya kila mwaka ndipo airekebishe?

Kampuni ya Cisco ya Marekani huuza ruta, yaani vyombo vinavyoelekeza habari baina ya kompyuta. Programu mpya za ruta hizo kwa kawaida hupewa mwenye mkataba wa huduma uliolipiwa. Uwezo ukiongezwa, sioni dhuluma. Kazi mpya yastahili ujira. Lakini tundu la kuingilia wezi lilikuwamo tangu siku ya kuuza! Kampuni yenyewe huikubali hoja hii kwa kiasi: asiye na mkataba aweza kupewa bure programu ya kuziba tundu, ila sharti aombe, ataje namba ya chombo chake na tangazo la kasoro. Basi asiyejua kwamba tangazo lipo, ataomba nini?